Siku Nilipobeba Mlango wa Mzee Leopold

Chekeni kwanza mmalize, ndiyo nianze. Najua hata nikisimulia kwa sura ya msiba mtacheka tu, na bora mcheke sasa kuliko kunikatiza katikati, hasa nikifika pale kwenye mlango. Ndiyo, ule mlango. Yule kijana wa suti aliyepita Ngara mjini mchana kweupe na mlango wa mbao kichwani, bawaba zinaning'inia, nyuma yake kundi la watu na mbuzi mmoja, wenye maduka wametoka vibarazani kushangaa, yule ni mimi. Kama ulikuwepo ukacheka, sikulaumu. Kama hukuwepo, vuta kigoda.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, ile ya mwishomwisho, kambi bado zimejaa lakini maneno ya kurudishwa watu kwao yameshaanza, na wilaya yetu ilikuwa na mashirika mengi kuliko shule. Kila njia panda bango, kila barabara gari jeupe lenye antena ndefu linakumwagia vumbi usoni na aliyekaa ndani amefunga kioo, hata kukupungia mkono haoni sababu. Kazi ya maana ilikuwa moja tu, kazi ya shirika. Ualimu tuliuona ni wa waliokata tamaa na jembe tuliliona ni la wazazi (tulikuwa wajinga, lakini wajinga wengi kwa pamoja, kwa hiyo ilionekana ni busara). Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mwanza na cheti cha kompyuta, nikakaa kwa mama pale Kanazi msimu wa maharage mmoja, ukaja wa pili, cheti kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kule juu darini, na mwenye cheti yuko huku chini anakula.

Mjomba wangu wa Nemba, kule Biharamulo, akatuma salamu. Salamu gani, matusi yale. "Huyo msomi wenu, kama kompyuta zimemkataa, ng'ombe wangu hawana ubaguzi. Aje achunge." Mama akamjibu kwamba amsubiri mtoto mpaka Pasaka, asipopata kazi ndiyo amchukue. Yaani niliwekewa siku kama mtu wa mahakamani. Mimi, na fimbo, nyuma ya mikia ya ng'ombe! Nikasema afadhali nife na cheti changu.

Basi Kwaresima ikiwa imeshaanza, shirika moja lenye ofisi mjini likabandika tangazo kwenye ukuta wa steshenari ya Bwana Nassoro. Wanatafuta mtu wa kompyuta, lakini si wa kuchapa barua, hapana. Wana ofisi mjini, wana ofisi kambini, wana bohari, na kote huko kompyuta, printa, seva na nyaya zimeletwa na kila aliyekuja na kila aliyeondoka, hakuna anayejua kipo nini na wapi. Wanataka mtu atakayegundua kila kifaa kilichomo kwenye mtandao wao, akipe namba, ajue kimewekwaje ndani na kinategemea kipi, na kikibadilishwa ajue nani kakibadilisha. Mkitaka kwa lugha ya nyumbani, ni kazi ya kujua mji una watu gani, nani anakula kwa nani, na chungu kikivunjika nani atalala njaa.

Mimi na Deo wote tukaomba na wote tukaitwa kwenye usaili. Deo ni mwenzangu wa chuo, mtoto wa katekista, mtu mpole mpaka anakera, yule wa kuvua viatu mlangoni hata nyumba ikiwa na sakafu ya udongo. Alikuja kwetu tusome pamoja. Akafungua makabrasha yake, akakohoa kama padri, akaanza, "Fidelis, tuanze na utangulizi. Kabla ya kugusa mtandao wa watu, kwanza unakaa na wenyewe..."

Nikamkata. "Deo, utangulizi ni wa vichwa vizito. Nenda penye kazi."

"Lakini hapa wamesema ni muhimu."

"Utangulizi wote husema ni muhimu. Fungua mbele huko."

Akafungua mbele huko. Nikayameza yote, jinsi kompyuta moja inavyozunguka kimya kimya kuuliza nyingine, "Nani yupo hapo?" na kila moja inajibu "Mimi hapa, naitwa fulani, nina hiki na kile." Nikaona hii ni kazi ya kitoto. Tatizo ni kwamba nilikuwa naisoma kwa mdomo tu. Kompyuta sina, mtandao hakuna, umeme wenyewe Kanazi ile ulikuwa wa kuonea kwenye kalenda. Nitafanyaje mazoezi? Deo alisema yeye atakwenda kumwomba Bwana Nassoro ajaribie kwenye kompyuta zake za dukani. Kuomba, kuomba! Mimi siombiombi. Nikapata wazo kubwa kuliko kichwa kilicholizaa: kwa nini nisiifanye Kanazi yenyewe kuwa mtandao? Nyumba ni ofisi, vitu vya ndani ni vifaa, nikipita kitongoji kizima nikaweka namba kila kitu na nikajua kipi kinategemea kipi, siku ya usaili nitawaambia mimi sikusoma, mimi nimetenda.

Nikaenda kwa Bwana Nassoro kununua stika. Nyeupe zimekwisha. Zilizobaki ni za bluu, bluu ile ile ya maturubai ya kambini, na nikachukua bila kufikiri mara mbili. Sasa ninyi mlioishi huko mmeshaanza kuguna, naona. Guneni tu.

Jumamosi asubuhi nikaanza na Bibi Anastazia, jirani yetu, mjane, anayeishi na chungu chake cha maji na kuku wasiomwogopa mtu. Nikaingia uani na kalamu nyuma ya sikio, shati nimechomekea, stika mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."

Sikukaa. Nikabandika stika kwenye mlango, nikaandika namba. Nikabandika kwenye jembe. Nikainama nikabandika kwenye chungu. Nikauliza maji anachota wapi na nani humchotea akiugua, nikaandika. Bibi ananifuata nyuma taratibu, mikono mgongoni, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Mjukuu wangu, na hizi ni za nini?"

Hapa ndipo jamani. Hapa ndipo nilipotakiwa nikae kwenye kigoda nimweleze maneno matatu ya kweli. Nilimwangalia, nikaona mama mzee asiyewahi kuona kompyuta, nikajiambia nitaanzia wapi na nitamaliza lini. Nikasema, "Ni mambo ya shirika, Bibi. Hata nikikueleza hutaelewa."

Akaangalia ile stika ya bluu. Akasema polepole, "Ya shirika," kama mtu anayeonja mchuzi, na mimi nikaenda zangu nyumba ya pili nikipiga mluzi.

Sasa niwaambieni walichoelewa, maana walielewa sana, sema hawakuelewa nilichotaka mimi. Wakimbizi walipoingia, wenyeji ndio walitoa mihogo, ndio waliona miti yao inageuka kuni mpaka vilima vikabaki vipara, na chakula kikaja, malori kwa malori, unga wa njano, mafuta ya kopo, mablanketi, vyote vikapita barabarani mbele ya macho yao vikaenda kambini. Kila mkutano wazee walisimama kuuliza, "Na sisi tuliowapokea je?" Kila mkutano mgeni rasmi alijibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Na kambini, kila kitu huanza vile vile: anakuja kijana amechomekea shati, ana kalamu, anahesabu, anatoa namba. Ukiwa na namba, unakula. Huna namba, unaangalia wenzako. Kwa hiyo kijana mwenye kalamu na stika za bluu alipopita Kanazi, akaulizwa, akataja shirika, ulitaka watu wafikiri ni mtihani wa kompyuta?

Nilipofika nyumba ya nne nikaona heshima imepanda ghafla. Kigoda kimefutwa, mbege hakuna kwetu lakini lubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo, nikawekewa kibuyu na mrija. Nyumba ya sita wakaniuliza, "Watoto huwaandiki?" Nilitaka kusema watoto si vifaa. Lakini nikaona nikianza kueleza tutakesha, nikabandika watoto stika kwenye mashati. Nyumba ya saba nikaona watoto wale wale wa nyumba ya sita, wamegeuza mashati. Nikacheka moyoni, nikasema angalia wajinga hawa, wanadanganya mtandao. Nikawaandika tena, kwa sababu makabrasha yalisema kifaa kimoja kinaweza kuonekana sehemu mbili, na nikaona sasa zoezi limenoga.

Jumapili baada ya Misa ndiyo nilipaswa kushtuka. Natoka nyumba ya sala, nakuta watu wamejipanga uani kwetu, wengine siwajui kabisa, wakwe wa watu wametembea kutoka Murusagamba na mikungu ya ndizi kichwani, wamekuja "kuandikwa kwa ndugu zao." Mama yangu anapita katikati na khanga yake ya sikukuu, amenyooka shingo, ameshapokea kuku. Nikamvuta pembeni.

"Mama, hawa wanataka nini?"

"Usijifanye hujui. Nimewaambia jumuiya yote. Jumanne mwanangu anaitwa shirikani."

"Ninakwenda kusailiwa, mama. Kuulizwa maswali."

"Ndiyo. Nao watakuuliza umeandika wangapi, utawajibu." Halafu akanishika shati, macho yamemlowa. "Fide, mjomba wako atanyamaza safari hii."

Ningefanya nini? (Ningesema ukweli, najua, kaeni kimya.) Niliona aibu ya kumvua mama ile khanga mbele za watu. Pia, niseme tu, nilizipenda zile shikamoo. Wanaume waliokuwa wakiniita "darini", kwa sababu ya cheti changu kukaa darini, leo wananiita mheshimiwa. Mzee Leopold, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, alinisogezea kiti chake mwenyewe akasema, "Mwanangu, mlango wangu uwe wa kwanza, kiongozi hawezi kuwa wa kati." Nikambandikia stika mpya yenye namba moja katikati ya mlango, nikaikandamiza kwa kiganja. Stika zile zilikuwa na gundi, sijui waliweka utomvu wa nini.

Jumanne. Nikavaa suti ya marehemu baba, mikono ilinifika vidoleni, nikapanda baiskeli mapema kwenda mjini. Mama akaninyunyizia maji ya baraka mpaka tai ikalowa. Njiani nikashangaa kitongoji kimya, milango imefungwa, na mlango mmoja haupo kabisa, ni shimo tu na turubai limening'inizwa. Nikadhani kuna msiba mahali. Naapa, nilidhani msiba, nikafanya ishara ya msalaba nikaendelea.

Ofisini Deo alikuwa ameshatoka chumba cha usaili. Nikamwuliza wamekuuliza nini, akasema, "Mambo ya kawaida tu, ya utangulizi." Nikamwonea huruma, nikajua huyu amekwisha.

Ndani walikuwa wawili. Mama mmoja mkubwa wa ofisi, mtu wa Dar es Salaam, Mama Tabitha, miwani kwenye ncha ya pua, na mhandisi mmoja mrefu ambaye alikuwa hasemi mpaka kalamu yake imalize kuzunguka vidoleni. Wakaniuliza mtandao unapekuliwaje. Nikamwaga! Nilitiririka maneno mpaka nikajisikia mimi mwenyewe nikajipenda. Nikawaambia vifaa vinavyojibu na visivyojibu, nikawaambia kifaa kinachoonekana sehemu mbili, nikawaambia usipojua kipi kinategemea kipi utazima swichi moja na bohari nzima ilale giza. Mama Tabitha akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikaiona fimbo ya ng'ombe inapotelea mbali kule Nemba.

Mhandisi akasimamisha kalamu. "Vizuri. Sasa, umeajiriwa leo. Unataka kupekua mtandao wetu wote. Kitu cha kwanza kabisa unafanya nini?"

"Naupekua."

"Kabla ya hapo."

"Hakuna cha kabla ya hapo, mhandisi."

"Huwaambii watumiaji? Mtu wa bohari, mtu wa redio, daktari wa kambini? Wakiona mashine zao zinaulizwaulizwa na hawajui ni nani, watafikiri nini?"

Nikacheka kidogo. Nilicheka! "Hao hata wakielezwa hawataelewa. Tena ukiwaeleza, wataficha vitu. Dawa ni kupita kimya kimya."

Mhandisi na Mama Tabitha wakaangaliana. Na katika ule ukimya wao ndipo niliposikia wimbo. Ulikuwa unatoka nje, mbali kidogo, wimbo wa shukrani ule tunaouimba wakati wa kupeleka vipaji altareni, kina mama wanavuta juu, wanaume wanaitikia chini. Nikasema moyoni, hawa watu wa mjini wana Misa Jumanne? Halafu nikaitambua sauti ya juu kabisa kuliko zote. Ilikuwa ya mama yangu.

Askari wa getini akaingia bila kubisha hodi. "Samahani, Mama. Kuna watu nje, wengi, wamekuja na fuso la ndizi. Wanasema wameandikishwa na shirika letu, wamekuja kuchukua mgao."

"Mgao gani? Hakuna mgao. Nani amewaandikisha?"

Askari akaniangalia, akaangalia suti, akaangalia chini. "Wanasema ni bwana huyu. Na namba wanazo."

Nilitolewa nje nikiwa katikati yao kama kuku wa kupelekwa sokoni. Jamani. Kanazi nzima ilikuwa getini. Watoto wenye stika kwenye mashati, mbuzi ana stika kwenye pembe (huyo mimi sikumbandika, walimbandika wenyewe, walibandua ya jembe). Bibi Anastazia amekaa chini, amepakata chungu chake mapajani, upande wenye stika umeelekezwa kwa wakubwa. Na mbele ya wote, namba moja, Mzee Leopold, amesimama na mlango wake. Mlango mzima. Ameung'oa na bawaba zake.

Mama Tabitha akauliza, "Mzee wangu, shikamoo. Mlango wa nini?"

"Marahaba. Stika imegoma kubanduka, mama. Nimeona kambini kwa macho yangu, mtu akija na maneno matupu bila namba anarudishwa. Nikasema mimi sirudishwi, nije na namba yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniua. Laiti wangecheka.

Mama Tabitha akavua miwani, akanigeukia, sauti ya chini, ya upole wa kutisha. "Fidelis, ulikuwa unafanya nini na watu hawa?"

"Mazoezi, Mama. Ya usaili."

"Na uliwaambia ni mazoezi?"

Nikaangalia mlango wa Mzee Leopold. Mhandisi akasema, "Alishatujibu ndani." Kisha akanyoosha mkono kuelekea getini. "Haya, waeleze sasa. Wanakungoja wewe, si sisi."

Nikasimama mbele ya kijiji changu na suti ya baba yangu, nikaanza kwa Kiswahili cha ofisini kikanikauka mdomoni, nikarudi kwenye Kihangaza chetu cha nyumbani, nikawaambia hakuna chakula, hakuna blanketi, stika ni zangu, nilikuwa nafanya zoezi la kutafuta kazi. Mbuzi akalia. Mama yangu akafunga mdomo, akajitanda khanga mpaka usoni, akageuka akaanza kutembea peke yake kurudi njia ya Kanazi, na ile sauti ya juu kwenye wimbo ikawa haipo tena.

Mzee Leopold akauliza, taratibu, "Yaani nimelala usiku mzima mlango wazi, fisi wakipita, kwa ajili ya zoezi?"

"Nisamehe, mzee."

"Msamaha utakuja. Kwanza beba."

"Nibebe nini?"

"Wewe si ndiye uliyeupa namba? Kitu chenye namba kina mwenyewe. Beba mlango."

Fuso lilikuwa limeshaondoka. Deo, kwa upole wake ule wa kukera, akajitolea kunishikia baiskeli, na akatembea na kile kizee cha baiskeli nyuma yangu, bila kusema neno hata moja, na ningempa chochote aseme neno nimtukane. Nikaubeba mlango kichwani, mbele ya steshenari ya Bwana Nassoro, ambaye alitoka na kikombe cha kahawa na kusema "Inna lillahi" kana kwamba ninazikwa, mbele ya wanafunzi wa sekondari, mbele ya magari meupe yenye antena, na safari hii waliomo ndani walishusha vioo. Mlango wa mninga, jua la saa saba, tai inanikaba. Nyuma yangu namba moja ananielekeza, "Kulia kidogo, usiukwaruze."

Tulipofika nikaupachika. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kubandua stika, watu wakinitazama wakiwa wameegemea miimo, hakuna shikamoo hata ya mbwa. Kwa Bibi Anastazia nikainama kwenye chungu, akanipiga kofi la mkono, dogo.

"Iache hiyo."

"Bibi, si ya kweri... si ya kweli." (Hata ulimi ulinitoka, ukarudi kule ulikozaliwa.)

"Wewe umekosa kazi, mimi nisikose namba. Siku wakija wenye chakura cha kweri, watanikuta nimeshaandikwa."

Kazi alipata Deo, kama mlivyokwisha kujua kabla sijasema. Niliambiwa wiki yake ya kwanza hakugusa kompyuta hata moja. Alizunguka ofisi zote anabisha hodi, anakaa, anaeleza anakuja kufanya nini, anakunywa chai ya watu. Nikacheka sana niliposikia. Nilikuwa nacheka nikiwa Nemba, nimeshika fimbo, Pasaka imepita, na mjomba ananiita "mheshimiwa" kila jioni mbele ya wachungaji wenzangu, na kila jioni wanacheka upya kama hawajawahi kusikia. Akiniuliza ng'ombe wote wamerudi, namwambia mjomba, ngoja kwanza niwaulize wenyewe kama wanaridhia kuhesabiwa.

Ila kilichonikata maini hasa kilikuja baadaye. Kambi zilikuwa zimefungwa, magari meupe yameondoka, mabango yanaota kutu. Nikaenda nyumbani Krismasi moja, nikapita kwa Bibi Anastazia. Chungu kile kile, mlangoni pale pale, na stika ipo, bluu imepauka. Mama aliniambia Bibi alikuwa haoshi upande ule wa chungu. Akanikaribisha kigoda, na safari hii nikakaa.

"Mjukuu wangu, hawajaja bado?"

Nikashindwa kucheka. Nikavua kofia. Nikamwambia hawaji, Bibi, na hawakuwa wanakuja. Nikamweleza yote, kompyuta ni kitu gani, na kwamba zinaishi kama kitongoji, hii inaichotea maji ile, na mimi nilikuwa natafuta kazi ya kuzijua zote, sina kompyuta, nikaja kujifunzia kwake. Ilichukua muda wa kumenya viazi vya chakula cha mchana, kwa sababu tulikuwa tunamenya huku naeleza. Alielewa yote. Aliuliza hata swali, kwamba inayochota maji ikiugua, nani anajua? Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe, Bibi.

Akamwaga maganda kwa kuku, akanigeukia.

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Si ungesema siku ile, mwanangu. Ningekuonyesha na vya uvunguni."